Njia ya Mawe Kando ya Lami

Wiki hii nguo zangu zote zinanuka lami. Nimezifua, nimezianika uani nyuma ya jiko, mbali na moshi, na bado nikivaa blauzi kwenda kazini naisikia ile harufu shingoni, nzito na tamu kidogo. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka. Barabara ikitengenezwa tulikuwa tunaikimbilia, tunasimama karibu na mapipa na kuvuta pumzi kana kwamba kunakaangwa maandazi. Mimi niliacha kuikimbilia mapema kuliko wengine. Sasa nimemleta mkandarasi mwenyewe, kwa mdomo wangu, aje atengeneze upya njia ya gari ya nyumba aliyotuachia Papa, kutoka getini mpaka barazani. Imepasukapasuka, na tangu tumzike Papa hakuna anayeziba. Wafanyakazi walipowasha moto chini ya mapipa, nikajikuta nimesimama mlangoni, nimeshika fremu, sitoki nje. Ilinichukua muda kutambua kwamba nimesimama palepale aliposimama Koko.

Koko alikuwa mama yake Papa. Tulimwita hivyo kwa sababu sisi ni watu tuliorudi kutoka Kongo, na huko Goma bibi huitwa Koko. Papa alitangulia kuvuka, akapata kazi ya ofisini hapa Gisenyi, upande wa Rwanda, akamwoa Mama, akajenga. Koko alikataa kumfuata. Alibaki upande wa pili na mwanawe wa mwisho, baba yangu mdogo Gaspard, katika nyumba ya mbao, akisema hawezi kuwaachia wezi migomba yake. Kisha mlima ukatapika, lava ikashuka mpaka mjini, na siku chache baadaye Koko akatokea getini kwetu kwa miguu, amejifunga kitenge kimoja, bila Gaspard. Nilikuwa mdogo mno, siikumbuki siku hiyo. Nilichojua ni kile kilichosemwa nyumbani, kwamba baba mdogo alikufa kwa lava wakati watu wanakimbia. Hakikusemwa mara nyingi, na kikisemwa Mama alinitafutia kazi ya kufanya jikoni.

Kwa hiyo Koko niliyemfahamu mimi ni yule wa Gisenyi, na huyo alikuwa mtu wa kutoka. Kila asubuhi alinisindikiza shuleni, si kwa sababu nilihitaji kusindikizwa, ila kwa sababu alitaka kujua mji umeamkaje. Alisalimia kila mtu. Wanawake waliotoka ziwani na mabeseni ya sambaza aliwasimamisha, akachagua samaki mmoja mmoja, akalalamika kwamba wa jana walikuwa wakubwa zaidi, akabishana bei mpaka ikashuka, halafu akaaga bila kununua. Walimjua na walimpenda hivyohivyo. Jumapili alikwenda misa ya kwanza, na akirudi alikuwa na habari za kututosha hadi jioni. Kitu kimoja tu kilikuwa cha ajabu kwake. Hakula mbuzi. Mnaujua mji wetu: jioni kila kona mtu anachoma brosheti, mishikaki ya mbuzi, na wageni wakija nyumbani Papa alituma zinunuliwe. Koko alipousikia ule moshi aliondoka mezani kimyakimya akaenda chumbani. Mimi niliamini ni meno.

Njia ya kutoka barazani hadi getini ilikuwa imetandikwa makoro, yale mawe meusi ya volkano yaliyojaa tundutundu, ambayo huku kwetu hayanunuliwi, unachimba tu shamba unayakuta. Yalikuwa yamekaa ovyo, moja limeinuka, lingine limezama. Asubuhi moja ya mvua Koko alijikwaa, akaanguka kwa goti, na goti likavimba. Papa alimkuta amelala anakandwa maji ya moto. Hakusema mengi, lakini usiku wa siku ile wakati wa kula alitangaza kwamba ataweka lami. Mama alisema pavé, vile vitofali vya zege, zingetosha, watu wote wanaweka pavé. Papa akasema pavé nazo huinuka. Alitaka kitu kisicho na ukingo wowote wa kukwaza mguu. Alisema mama yake atatembea mpaka getini kama anayetembea sebuleni.

Mimi nilisikia neno lami nikafahamu jambo moja tu, kwamba tunanunua gari. Nani anaweka lami kwa ajili ya miguu? Nilitangaza darasani kote. Nililichagulia hata rangi.

Mkandarasi aliyeitwa alikuwa Ramazani, mtu mnene, mwenye shati safi na futi ya kukunja mfukoni, aliyefanya kazi nyingi za barabara kabla ya kuanza kuwafanyia watu binafsi. Alipima, akaandika kiganjani kwa kalamu, akamshauri Papa aache nafasi kidogo pembeni mwa ukuta kwa ajili ya maua. Papa alikataa. Alitaka ukuta kwa ukuta, pasiote hata jani la kuteleza. Wafanyakazi wakang'oa makoro yote, wakayarundika nyuma ya jiko. Wakaleta mapipa ya lami, wakaleta kuni za mikaratusi kutoka upande wa Bugeshi, wakawasha moto palepale uani. Lami ilipochemka wakaimwaga juu ya kokoto kwenye bati kubwa, wakachanganya kwa koleo, wakatandaza kwa reki, na nyuma yao wanaume wawili wakavuta pipa lililojazwa zege kulaza kila kitu. Moshi mweusi ulipanda juu ya ukuta, na ile lami ilikuwa inasogea kutoka getini kuja kwetu polepole, ikitoa mvuke, ikijaza ua wote.

Koko alikuwa mlangoni tangu walipowasha moto. Ameshika fremu. Nilidhani anafurahia kama mimi. Kazi ilipofika barazani alimwuliza Ramazani kwa sauti ndogo:

"Hii kitu italala hapa na sisi?"

Ramazani akacheka kwa adabu, akamwambia, "Kesho itakuwa imepoa, Mama Muzee. Utapita bila shida."

"Njo vile batu banasemaka," Koko akajibu, yaani ndivyo watu wanavyosema siku zote, akaingia ndani.

Asubuhi yake alivaa kama kawaida, akachukua fimbo, akanishika mkono. Tulifika ukingoni mwa baraza. Mbele yetu palikuwa peusi, laini, panang'aa kidogo kwa umande, hakuna jiwe hata moja. Koko alisimama. Alitazama chini muda mrefu, akaniachia mkono, akasema tutaenda kesho. Nilikwenda shule peke yangu, na muuza sambaza wa kwanza aliniuliza bibi yuko wapi. Kesho yake ikawa vilevile, na siku iliyofuata pia. Jumapili alivaa nguo za kanisani, akakaa kwenye kiti barazani na rozari, akatusikia tukitoka, na tuliporudi tulimkuta hapohapo.

Papa alijaribu kila njia. Alivua viatu, akakunja suruali, akatembea juu ya lami kwenda na kurudi mbele ya mama yake, mtu mzima wa ofisini, akirukaruka kama mtoto ili aone haikatiki. Koko alifumba macho. Papa akaazima gari la jirani, akalileta mpaka chini ya ngazi, mlango wazi. Koko akasema, "Gari nayo ni nzito," na hakuinuka. Papa akataka kumbeba mgongoni. Hapo Koko alikasirika kweli, akamwambia asithubutu, mpaka Mama akaomba yaishe. Ua wa nyuma haukuwa na mlango, uliishia kwenye ukuta wa jirani. Kutoka nyumbani kwetu ni lazima ukanyage lami.

Kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mama alisema ni goti, haliwezi tena. Papa alisema ni uzee, kisha akasema labda amemkosea kwa kutomwuliza. Mimi nilikuwa na uhakika kuliko wote: Koko alitembea bila viatu nyumbani, nyayo zake zilikuwa nyembamba, na lami ilikuwa na joto. Mchana ukiigusa kwa kiganja unaondoa haraka. Basi dawa ilikuwa rahisi. Kila nikitoka shule, jua likiwa bado kali, nilijaza ndoo bombani na kumwagilia njia yote kwa kikombe, kutoka barazani hadi getini. Mama alinigombeza kwa kumaliza maji. Nilimwagilia nusu ndoo badala ya ndoo nzima, lakini sikuacha. Maji yalipogusa lami ya saa nane yaliondoka kwa mvuke, na nilifurahi, nikiamini ule ndio moto unaotoka. Koko alikuwa dirishani ananitazama. Leo ndiyo najua alichokuwa akikiona kila mchana: ardhi nyeusi inayofuka moshi, na mjukuu wake katikati.

Mvua zilikuja zikaondoka. Koko alikonda. Kwanza aliacha kuniuliza habari za wauza sambaza, halafu akaacha kuuliza habari zozote. Katekista alimletea komunyo Jumapili, akasifia usafi wa njia yetu. Wakati mmoja niliingia jikoni nikamkuta Papa ameinamia meza, Mama amesimama nyuma yake. Papa alikuwa anasema kwamba mama yake atafia ndani ya nyumba hii, na mlango ameufunga yeye mwenyewe, kwa hela yake. Sikuwa nimewahi kumsikia Papa akisema kwa sauti ile. Nilielewa kwamba kumwagilia hakutoshi, na kwamba Koko atakufa asipovuka.

Siku moja baada ya hapo Mama alikuwa ameenda soko la Mahoko kuuza vitenge, Papa alikuwa kazini. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Nilimwagilia, nikagusa, pakawa baridi kabisa. Nikajiambia: haniamini nikimwambia, basi aone. Nikalala. Nililala chali katikati ya lami, nikanyoosha mikono, kisha nikageuka nikaweka shavu chini ili aone kwamba hata shavu haliungui. Nilifumba macho ili ionekane nimestarehe. Nilikuwa nimepanga kuhesabu kidogo halafu nimwite.

Sikuwahi kumwita. Nilisikia fimbo ikianguka barazani, halafu nyayo. Sikujua kwamba Koko anaweza kukimbia. Alikuja juu ya lami peku, na goti lile lile, akipiga yowe jina moja, Gaspard, Gaspard, na akanidaka chini ya makwapa akanivuta kwa nguvu zilizoniumiza, visigino vyangu vikiburuta, mpaka nje ya geti, mpaka kwenye vumbi la barabara. Pale akaniweka mapajani. Akaanza kunipapasa miguu. Alipapasa nyayo, akapapasa vidole kimoja kimoja, akapandisha sketi akaangalia magoti, akarudia tena nyayo. Nilimwambia, Koko, ni mimi, hakuna moto, paguse. Alinitazama kama mtu anayesikia lugha asiyoijua. Majirani walisimama. Mimi nilianza kulia, na yeye hakulia.

Alikuwa amevuka. Hilo ndilo nililoliwaza mtoto mimi, katikati ya machozi: amevuka, nimeshinda. Lakini alipotulia hakutaka kurudi. Alikaa palepale chini, mgongo kwenye nguzo ya geti, mkono wangu kwenye wake, na kila aliyekuja kumwinua alimkatalia kwa kichwa. Jirani akaleta kitenge akamfunika mabega. Ndivyo Papa alivyotukuta aliporudi kazini.

Alichuchumaa mbele yake na shati lake la ofisini. Akamwuliza taratibu, "Mama, lami hii nilitengeneza kwa sababu yako. Niambie iko na nini."

Koko alivuta kitenge mabegani. Kisha akasema, akimtazama Papa usoni, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote tangu avuke mpaka.

"Gaspard hakufa kwa kukimbia. Tulikuwa tulisha kimbia, tulisha pona. Tukarudia kuangalia nyumba. Nyumba ilikuwa nzima, ngambo ya lava, na mbuzi yangu nilikuwa nimeifunga nyuma. Ilikuwa inalia. Mi njo nilimutuma. Nilimuambia, ona, iko mweusi, imesha poa, enda ulete mbuzi. Alikuwa anaogopa, na akaenda, sababu mi njo nilisema."

Papa aliweka goti chini kwenye vumbi.

"Juu ilikuwa mweusi," Koko akasema. "Juu tu. Na ile mbuzi iliendelea kulia."

Mimi niliyasikia yote hayo nikiwa mapajani kwake, na sikuyaelewa yote. Nilielewa mbuzi. Niliwaza brosheti, na meno yake, ambayo yalikuwa mazima, na nikaona aibu bila kujua ya nini. Papa aliweka paji la uso wake kwenye magoti ya mama yake, pale barabarani, watu wanapita na baiskeli, akakaa hivyo. Alikuwa amepoteza ndugu tangu zamani, na siku ile ndiyo alijua alimpoteza vipi.

Kisha aliinuka, akaenda kwa jirani kuazima sururu. Hakubadilisha shati. Alianza getini, kando ya ukuta, akaipiga ile lami yake aliyoitamani laini, akaing'oa vipande vipande, upana wa mtu mmoja. Mama alirudi kutoka Mahoko na mzigo wake wa vitenge kichwani, akasimama, hakuuliza; nadhani uso wa Papa ulimtosha. Aliutua mzigo akaenda nyuma ya jiko kubeba makoro. Majirani wawili wakajiunga. Papa alibomoa mbele, wao wakapanga mawe nyuma yake, yaleyale mawe mabaya yaliyomwangusha Koko. Giza lilikuwa linaingia walipofika barazani. Papa akarudi getini akampa mama yake mkono.

Koko aliweka mguu juu ya jiwe la kwanza, akalibonyeza kwa kidole gumba. "Haya yalisha kufa zamani," akasema. "Haya tunayajua." Nayo ni lava vilevile, mtaniambia. Ndiyo, ni lava. Lakini ilipoa kabla hata ya bibi yake kuzaliwa, na haikuwahi kumdanganya. Akapita, jiwe kwa jiwe, mkono mmoja ukutani, mwingine kwa Papa, na upande wa lami hakugeuza hata macho.

Ramazani alikuja baada ya siku kadhaa, mtu alishamwambia kwamba kazi yake imebomolewa. Alisimama getini akatazama, na Papa akamweleza kwa ufupi, hawakuinua sauti. Ramazani alivua kofia. Alisema tu kwamba lami isiyo na ukingo itaanza kumeguka kutokea pale, na kwamba hawezi kuiwekea dawa. Papa alimwambia imeguke.

Ningependa kuwaambia kwamba Koko alirudi kuwa mtu wa kutoka. Alitoka, ndiyo. Alinisindikiza tena shuleni mara kadhaa, alikwenda misa, aliwasimamisha wauza sambaza na hakubishana nao. Alinunua kwa bei waliyoitaja. Lakini kile alichokisema pale getini kilikuwa kimemshikilia wima miaka yote ile, nadhani, na kilipotoka hakubaki na nguvu nyingi. Kila niliporudi shule alitazama kwanza miguu yangu, halafu uso. Nyakati nyingine aliniita Gaspard. Mama alimsahihisha mara ya kwanza, Papa akamkonyeza aache. Nikaanza kuitika. Nilikuwa naitika "Karame," kama mtoto wa kiume anavyomwitikia mama yake kwa Kinyarwanda, na yeye alitikisa kichwa akaendelea na rozari. Alikufa kabla ya mvua kubwa, kitandani, mkono wake kwenye mguu wangu. Waliomtoa ndani walibeba jeneza kupitia kwenye mawe, kwa shida, maana njia ile ni ya mtu mmoja. Papa hakuwaruhusu kukanyaga lami.

Sasa mkandarasi wangu, kijana mwenye heshima zake, ameshaitandaza mpya. Aliponijia mwanzoni aliuliza huo mstari wa mawe wa pembeni ni wa nini, maana unaharibu kazi, lami itameguka kutokea pale. Nilimwambia auache. Akasema wateja wa Gisenyi wana mambo, nikacheka naye, sikumweleza. Papa naye mpaka anakufa alipita pale, mvua au jua, mlango hadi geti, na sikumbuki kumwona hata mara moja akitembea juu ya lami aliyoinunua.

Leo jioni nimerudi kazini nimekuta kazi imekwisha. Nyeusi, laini, kimya. Nimechoka, mifuko mikononi, nikainua mguu nipite katikati kama mtu yeyote. Mkandarasi alikuwa anafunga vyombo vyake, akainua mkono.

"Usikanyage, Mama. Juu inaonekana imepoa, lakini chini iko na moto bado. Ngoja kesho."

Alilisema kama wanavyolisema kila siku, bila hata kunitazama, na akaendelea kufunga koleo zake. Nilisimama pale na mifuko yangu nikalia mbele ya wafanyakazi wake wote. Walidhani nina msiba mpya. Nilikuwa nawaza kwamba hicho ndicho kitu pekee kilichohitajika, mtu yeyote, mpita njia, awe amesimama karibu na Gaspard siku ile na kumwambia maneno hayo. Kisha nikavua viatu, nikapita kwenye mawe, mkono ukutani, mpaka mlangoni.